Adabu ya kuomba msaada droni inapogoma

"Habari zenu wakubwa. Kuna mtu hapa anayejua mambo ya droni?" Ujumbe wa namna hii huingia mara kwa mara katika vikundi vya warushaji wa droni wa Mombasa, na aliyeuandika hukaa akisubiri aitikiwe ndipo aseme shida yake. Kwa malezi ya pwani ndivyo inavyopaswa. Huingii nyumba ya mtu ukaanza kudai. Unapiga hodi, unakaribishwa, mnajuliana hali, kisha unaeleza kilichokuleta. Lakini katika jamii za programu huria hakuna aliyeketi nyuma ya mlango. Wanaosaidia wako kazini, safarini au wamelala, na husoma maswali kwa kupita. Anayekuta hodi tupu hana cha kujibu, basi anaendelea na safari yake. Salamu ibaki, tena ibaki vizuri, ila iandamane na shida katika ujumbe huohuo mmoja.

ArduPilot, PX4, Betaflight na INAV, zinazoendesha droni, na ExpressLRS, ya mawasiliano ya rimoti, ni programu ambazo mtu huzipakua bure, akazibadilisha atakavyo, na msaada wake hutoka kwa watu wanaojitolea. Hakuna risiti unayoweza kuwaonyesha. Anayefungua faili lako la kumbukumbu za kuruka, tuliite logi kama wanavyoliita wenyewe, anatumia jioni yake. Heshima anayoihisi mtu huyo ni kuona umemwekea mezani kila anachohitaji. Ukiandika "tafadhali" mara kumi hajui bado betri yako ilikuwa na volti ngapi.

Kazi huanza kabla ya kuandika. Kwanza toa propela. Hili halina mjadala: utaelekezwa kujaribu mota ukiwa mezani, na propela ya inchi 5 hukata vidole. Kisha angalia mambo madogo yanayosababisha maswali mengi kuliko kasoro yoyote ya programu. Baadhi ya kebo za USB zinazouzwa kwa ajili ya simu zina nyaya za umeme tu bila za data. Kontrola, yaani ubao unaoongoza droni, itawaka taa zake zote na kompyuta isiione kabisa. Jaribu kebo nyingine kabla ya kusema ubao umekufa. Pima betri kwa mita, seli moja moja. Seli iliyojaa husoma volti 4.2, iliyowekwa akiba hukaa karibu na 3.8, na kama seli moja iko chini ya wenzake kwa volti 0.1 au zaidi, andika hivyo kwenye swali.

Kwa anayerusha Nyali, Bamburi au popote upepo unapotoka baharini, chumvi ni mshukiwa wa kwanza. Tazama viungio vya lehemu na plagi ya betri kama vimeota kutu ya kijani. Zungusha kila mota kwa kidole. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, beringi zake zimeingiwa. Ubao husafishwa kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ukaachwa ukauke kabisa kabla ya kuunganishwa na umeme. Na ukiwasha chombo kwa mara ya kwanza baada ya kulehemu, pitisha waya chanya kwenye balbu ya gari ya volti 12, wati 21. Balbu ikimweka kidogo na kuzima, endelea. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, nayo balbu imekuokolea ESC zako, yaani vidhibiti vya kasi ya mota.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Anayebadilisha propela, programu na antena kwa siku moja, kisha akasema "sasa imekuwa mbaya zaidi", hamwachii msaidizi pa kushika. Kibaya kuliko hicho ni kufuta kila kitu na kusakinisha upya kwa matumaini. Ushahidi unapotea, na mara nyingi tatizo linabaki. Kabla ya kufuta chochote hifadhi parameta zote, yaani mipangilio ya chombo, kwenye faili. Mission Planner na QGroundControl, programu za ardhini za kupangia droni, zote mbili hufanya hivyo kwa dakika moja.

Halafu nakili maneno ya skrini kama yalivyo, herufi kwa herufi. Usiyatafsiri. Yanayoanza na "PreArm" ni ya ukaguzi unaofanywa kabla mota hazijaruhusiwa kuzunguka. "PreArm: Compass not calibrated" inamaanisha dira haijawahi kusawazishwa, "PreArm: Compasses inconsistent" inamaanisha dira mbili au zaidi hazikubaliani. Tiba zake ni tofauti kabisa, na aliyeandika "dira inasumbua" amezichanganya. Maneno hayohayo yatafute kwanza mtandaoni yakiwa ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu uwezekano ni mkubwa kwamba mtu mwingine ameshakwama palepale. Usipopata jibu, taja ulichosoma. Sentensi moja tu, "nimesoma ukurasa wa dira katika mwongozo na nimefuata hatua zake", inamzuia msaidizi kukurudisha mwanzo.

Toleo la programu liandikwe kwa namba. "La karibuni" halina maana, maana la leo si la mwezi ujao, na wako wengi wanaodhani wana la karibuni kumbe ni lile lililokuja dukani. Kwa ExpressLRS hili ndilo jibu la maswali mengi ya "risiva haishiki rimoti": moduli ya rimoti yenye toleo la 2 na risiva yenye toleo la 3 haziungani kamwe, hata maneno ya siri ya kuunganisha yakiwa sawasawa.

Sasa logi. Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu swali lenye logi na lisilo na logi ni maswali mawili ya dunia tofauti.

Katika ArduPilot kuna aina mbili. Faili la .bin huandikwa na kontrola yenyewe kwenye kadi ya SD, faili la .tlog huandikwa na kompyuta ya ardhini kutokana na mawasiliano ya redio. Unaloombwa karibu kila mara ni .bin, kwa sababu lina data nyingi zaidi na halikatiki redio inapopotea. Kwa kawaida kontrola huanza kuandika mota zinaporuhusiwa kuzunguka. Kama tatizo lako ni kwamba chombo hakikubali hata kufika hapo, weka parameta ya LOG_DISARMED kuwa 1, washa, acha dakika mbili tatu, chukua logi, kisha irudishe 0 kadi isijae.

Ukijua msaidizi anatafuta nini humo ndani, utaelewa kwa nini video peke yake haitoshi. Anatazama mtikisiko kwenye ujumbe wa VIBE: chini ya mita 30 kwa sekunde mraba ni sawa, zaidi ya 60 ni matatizo karibu kila mara, na hesabu ya "clip" inayopanda hewani ni ishara kwamba kihisi kimezidiwa. Anatazama RCOU, yaani amri zinazotumwa kwa kila mota. Mota moja ikisukumwa hadi juu kabisa huku chombo kikiendelea kuinama upande wake, basi mota hiyo, ESC yake au propela yake imepoteza nguvu. Anatazama volti za betri wakati wa kupanda, maana betri iliyochoka husoma vizuri mezani na kuporomoka ikibebeshwa mzigo. Na logi ikikatika ghafla chombo kikiwa bado angani, kontrola yenyewe ilikosa umeme. Kwenye video yote haya yanaonekana sawa: droni ilikuwa juu, ikaanguka.

Kwa Betaflight, fungua sehemu ya CLI, yaani ya kuandikia amri, andika version, kisha status, kisha diff all, na uhifadhi matokeo kwenye faili la maandishi. Usipige picha ya skrini kwa simu; herufi hazitafutiki wala hazinakiliki. Ndani ya status kuna mstari wa "Arming disable flags" unaotaja kwa jina kinachozuia mota. RXLOSS ni kwamba risiva haipati mawimbi ya rimoti. THROTTLE ni kwamba kijiti cha nguvu hakiko chini kabisa. Ukiona MSP na CLI, usishtuke wala usiulize. Vinatokea kwa sababu tu umeunganisha kompyuta.

Namna ya kutuma ina adabu yake pia. Logi inaweza kuwa na megabaiti nyingi, na bando lina gharama kwako na kwa mwenzako, hivyo tuma ya safari moja yenye tatizo, usitume kadi nzima. Ukiiweka kwenye hifadhi ya mtandaoni, hakikisha ruhusa ni ya yeyote mwenye kiungo. Kiungo kinachomwambia msaidizi aombe ruhusa humpotezea siku nzima, na mara nyingi haombi. Kwenye WhatsApp tuma picha kama dokumenti ili isibanwe, la sivyo lehemu yote itaonekana ukungu. Kumbuka vilevile kwamba logi yenye GPS inaonyesha ulipopaa, na kama ulipaa uani kwako basi umetangaza nyumba yako. Mission Planner ina kitufe cha "Anon Log" kinachoficha mahali halisi. Kitumie.

Mazingira ya hapa ni sehemu ya swali, kwa sababu msaidizi wa mbali hayajui. Taja upepo: kusi na kaskazi ni majira mawili tofauti kwa anayerusha ufukweni, na droni inayoyumba Julai huenda haina kasoro yoyote. Taja kama ulisawazisha dira juu ya paa la ghorofa. Nondo zilizo ndani ya zege huivuta, na kazi yote huwa bure. Taja kama kipima hewa cha kontrola kiko wazi. Upepo wa pwani ukikipiga moja kwa moja, au jua likikiangaza, namba ya mwinuko hupanda na kushuka chombo kikiwa kimetulia. Kipande kidogo cha sponji juu yake ndiyo dawa. Na taja saa kwa namna isiyo na utata. "Saa tatu asubuhi" kwetu ni wazi, lakini kwa mtu wa Kanada au Japani ikitafsiriwa ilivyo inakuwa saa nyingine kabisa. Andika 09:00, saa za Afrika Mashariki, UTC+3.

Swali lililokamilika huwa kama hili (Stabilize, AltHold na Loiter ni namna za kuruka: ya kwanza husawazisha chombo tu, ya pili hushika mwinuko, ya tatu hushika mwinuko na mahali):

"Habari zenu ndugu, poleni na kazi. Nina droni ya mota nne, fremu ya milimita 450, mota 920 KV, propela inchi 10 kwa 4.5, ESC za ampea 30, betri ya 3S yenye 5,000 mAh, uzito wote kilo 1.5. Kontrola ni Pixhawk 2.4.8, programu ni ArduCopter 4.5.7. Nikiwa Stabilize au AltHold inatulia. Nikiweka Loiter nategemea isimame mahali pamoja, lakini inaanza kuzunguka duara linalopanuka hadi nairudisha Stabilize. Ilianza nilipohamisha betri kutoka chini ya fremu kwenda juu, karibu na GPS. Nimesawazisha dira upya uwanjani, mbali na magari na zege, hali ni ileile. Nimesoma ukurasa wa dira katika mwongozo. Logi na faili la parameta viko kwenye kiungo hiki, tatizo linaonekana kuanzia dakika ya tatu. Je, ni mkondo wa umeme wa betri unaovuruga dira, au kuna kitu kingine nitazame kwanza?"

Tazama kilichomo. Kuna nilichotegemea na kilichotokea, vikiwa vimetenganishwa. Kuna kilichobadilika kabla ya tatizo kuanza, na hicho peke yake karibu kinatoa jibu. Kuna dakika ya kutazama, ili mtu asipekue dakika kumi na tano za safari. Na dhana ya mwulizaji imekuja mwisho, kama swali. Wengi huanza na hukumu: "GPS yangu ni mbovu, nipate wapi nyingine?" Wakiitikiwa walivyotaka wananunua GPS mpya, wanalipa usafiri na ushuru, na duara linabaki vilevile. Eleza dalili, umwachie mwenzako nafasi ya kuona.

Lugha isikutishe. Ukiuliza kwanza kwenye kikundi cha Kiswahili, utapata msaada wa mambo ya hapa: duka, fundi wa kulehemu, uwanja wa kujaribia. Ukivuka kwenda jamii ya kimataifa, andika sentensi fupi, kila moja na jambo moja, na majina ya parameta yaache yalivyo. Kiingereza chenye makosa na logi kamili kinajibiwa haraka. Ufasaha bila logi haujibiwi. Jambo linaloshangaza wengi wetu ni majina ya heshima. Hapa mtu akikuzidi umri au ujuzi humwiti jina kavu, na kijana atamwandikia shikamoo. Huko wanaitana kwa majina ya kwanza tu, hata wakuu wao, na hawaoni ubaya. Usilazimishe "Mheshimiwa" wala "Profesa".

Usimtumie mtu mmoja ujumbe wa faragha kwa sababu umeona jina lake limejibu wengi. Jibu la faraghani humsaidia mtu mmoja na kumchosha aliyelitoa. La hadharani litamsaidia mwingine wa Kisauni mwaka ujao. Usiweke swali lilelile mahali patano kwa saa moja, maana watu watano watafungua logi moja. Na GitHub, tovuti inakohifadhiwa misimbo ya programu hizi, iache kwa kasoro zilizothibitishwa za programu: mahali hapo hufuatiliwa na wanaoandika msimbo, na swali la "nisaidieni kuunganisha" hufungwa haraka.

Baada ya kuuliza, subiri. Andrew Tridgell, mmoja wa wanaoongoza ArduPilot, anaishi Canberra, Australia. Kukiwa saa tatu usiku Mombasa, kule ni saa kumi alfajiri, na wakati wao wa majira ya joto ni saa kumi na moja. Siku mbili za kimya hazina maana ya dharau. Zikipita, ongeza jambo jipya ulilolijaribu na matokeo yake, uzi utapanda juu wenyewe. "Jamani mbona hamnijibu" huwafukuza hata waliokuwa wanakusudia kujibu.

Majibu mengine huja makavu. "Soma mwongozo, sehemu ya nishati." Bila salamu wala pole. Masikioni mwa mtu wa pwani hilo ni tusi, na nimeona watu wazuri wakijitoa kwa ajili yake. Nionavyo mimi, chukua kiungo alichokupa, kisome, kisha urudi na namba. Mara nyingi mtu huyohuyo atakufuata hatua kwa hatua hadi mwisho. Akitukana kweli, kuna wasimamizi. Waarifu, usimjibu kwa lake. Na sisi tunaojibu kwa Kiswahili tuna wajibu wa kutomcheka anayeanza. Aliyeuliza kwa nini droni yake imebinuka ilipopaa, huku propela mbili ziko upande usio wake, amefanya kosa la kila mgeni. Mwoneshe mchoro wa mwelekeo wa mota kwa toleo lake, yaishe.

Ukiombwa jaribio, fanya lilelile uliloombwa, na uripoti kwa namba. Katika mfano wetu wa duara, msaidizi ataomba CompassMot, jaribio linalopima jinsi mkondo wa mota unavyoivuruga dira. Chini ya asilimia 30 ni sawa, kati ya 30 na 60 ni eneo la mashaka, juu ya 60 dira ihamishwe. Jibu zuri ni: "Nimeifanya, betri ikiwa juu ni asilimia 68; nimeirudisha chini, ni asilimia 14, na Loiter imetulia. Logi mpya hii hapa." Jibu la "asante imepona" linafurahisha, lakini aliyekuja nyuma yako na duara lake hatajua kilichoponya.

Kuna maombi ambayo hayana namna ya adabu. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 kuhusu vyombo visivyo na rubani ndani, chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, zinataka chombo kisajiliwe na zinaweka kikomo cha mwinuko cha futi 400. Uwanja wa ndege wa Moi uko Port Reitz, jirani na kisiwa, na bandari ya Kilindini iko katikati yetu. Ukiuliza jinsi ya kuzima ukaguzi ili upae haraka, au kupita juu ya watu walioko bustani ya Mama Ngina ufukweni, utapata ukimya au karipio, na unastahili. Vivyo hivyo mtu akikushauri uweke ARMING_CHECK, parameta ya ukaguzi huo, kuwa 0 ili ujumbe wa PreArm upotee, usiruke hivyo. Ujumbe ule ulikuwa unakuambia kitu. Rudi uulize una maana gani.

Tatizo likishaisha, hariri kichwa cha swali lako kionyeshe limepata suluhisho, na weka parameta za mwisho. Kama mwongozo ndio uliokupoteza, kurasa za mwongozo wa ArduPilot ziko GitHub katika hazina ya ardupilot_wiki, na yeyote mwenye akaunti anaweza kupendekeza marekebisho. Taja ukurasa, sentensi iliyokupoteza, unavyopendekeza isomeke, kontrola na toleo ulilojaribia. Marekebisho ya mstari mmoja hupokelewa, tena kwa shukrani, na huhitaji kujua kuandika msimbo.